JINSI SELI ZINAVYOUJENGA MWILI: KISA CHA MRIJA WA NEVA

Yai la kuku aliyepandwa na jogoo, likivunjwa siku lilipotagwa, huonyesha juu ya kiini chake cha manjano doa jeupe lenye upana wa milimita chache tu. Doa hilo ndilo kiinitete. Lina makumi ya maelfu ya seli, nazo zimetandazwa kama mkeka mwembamba. Hapana kichwa, hapana mgongo, hapana moyo. Kuku akilitamia yai hilo kwa siku mbili, hali inageuka kabisa: kichwa kimekwisha kujikunja, macho yameanza kutokeza, mgongo umenyooka, na moyo mdogo unapiga. Siku 21 zikitimia, kifaranga hulivunja ganda akatoka.

Ndani ya ganda hakuingia fundi yeyote, wala hakuna kalibu iliyoufinyanga mwili huo. Kazi yote imefanywa na seli zenyewe. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo makala hii inakusudia kulijibu: seli, ambazo kila moja ni ndogo kuliko nukta iliyo mwisho wa sentensi hii, zinawezaje kuligeuza tandiko bapa likawa mwili wenye mirija, mifuko, matao na vidole?

Swali hili si la wataalamu peke yao. Jibu lake linagusa afya ya watoto wanaozaliwa kila mwaka katika kila nchi, kama itakavyoonekana mbele.

SWALI LA ZAMANI

Katika karne ya 17 na ya 18 wataalamu wengi wa Ulaya waliamini kwamba ndani ya yai au mbegu ya uzazi mlikuwa na kiumbe kamili, mdogo mno, ambaye kazi yake ilikuwa kukua tu. Mwaka 1759 Mjerumani Caspar Friedrich Wolff aliipinga imani hiyo. Alichunguza viinitete vya kuku kwa hadubini akaona kwamba viungo havikuwapo tangu mwanzo, bali huundwa hatua kwa hatua. Baadaye alieleza kwamba hata utumbo wa kifaranga huanza kama tabaka bapa, kisha tabaka hilo hujikunja likawa mrija.

Mwaka 1874 Wilhelm His, aliyekuwa bingwa wa anatomia, alikwenda mbele zaidi. Alisema kwamba kukunjika kwa matabaka ya kiinitete hakuna budi kuwe na sababu zinazoweza kupimwa, kama vile kunavyopimwa kukunjika kwa ngozi au mpira unaosukumwa kutoka pembeni. Wakati huo vyombo vya kuzipima nguvu hizo havikuwapo. Leo vipo, na jambo kubwa lililodhihirika ni kwamba nguvu zenyewe hutoka ndani ya seli.

KAZI TANO ZA SELI

Ingawa miili ya samaki, chura, kuku na binadamu inatofautiana sana, seli zake hutumia njia chache zilezile kuijenga. Njia hizo ni tano:

1. Kugawanyika. Seli moja huwa mbili, na tishu huongezeka mahali panapohitajika.

2. Kubadili umbo. Seli iliyokuwa fupi hurefuka, au iliyokuwa na umbo la mche mraba hupungua upande mmoja ikawa kama kabari.

3. Kushikamana na kuachana. Seli hushikana na zile za aina yake, na kujitenga na za aina nyingine.

4. Kuhama. Seli huondoka mahali pake, moja moja au kwa makundi, na kwenda kufanya kazi mahali pengine.

5. Kufa kwa mpango. Seli zilizokwisha kazi yake hujiua kwa utaratibu, na nafasi hubaki wazi.

Hakuna kiungo kinachojengwa kwa njia moja tu. Mfano bora wa kuzionyesha njia hizi zikifanya kazi pamoja ni mrija wa neva, yaani chanzo cha ubongo na uti wa mgongo.

KUTOKA BAMBA HADI MRIJA

Mapema katika maisha ya kiinitete, seli hupangika katika matabaka matatu. Tabaka la ndani huwa utumbo, mapafu na ini. Tabaka la kati huwa misuli, mifupa, figo na damu. Tabaka la nje huwa ngozi na, jambo linalowashangaza wanafunzi wengi, huwa pia ubongo na mfumo wote wa neva.

Nini huiamuru sehemu moja ya tabaka la nje kuwa neva na si ngozi? Jibu la kwanza lilipatikana Ujerumani. Mwaka 1924 Hans Spemann na mwanafunzi wake Hilde Mangold walieleza jinsi walivyokata kipande kidogo cha kiinitete cha salamanda na kukipandikiza katika kiinitete kingine, upande wa tumbo. Mahali pale paliota mgongo wa pili wenye mrija wa neva wake. Jambo kubwa ni kwamba sehemu kubwa ya mrija huo haikutokana na kipande kilichopandikizwa, bali na seli za mwenyeji. Seli ambazo zingalikuwa ngozi ya tumbo ziliitika wito wa jirani mgeni zikawa neva. Spemann alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1935. Mangold alikuwa amekwisha kufariki kwa ajali ya moto mwaka uleule wa 1924.

Seli zilizoitika wito huo hurefuka na kusimama wima, zikafanya sehemu nene iitwayo bamba la neva. Kisha kingo za bamba huinuka pande zote mbili, na katikati hutokea mfereji. Kingo hizo, ambazo huitwa mikunjo ya neva, huzidi kuinuka na kuelekeana hadi zikakutana juu ya mfereji na kuungana. Hapo mfereji umekuwa mrija. Ngozi nayo hujiunga juu yake na kuufunika. Katika kiinitete cha kuku, baada ya saa 30 hivi za kuatamiwa, mikunjo imekwisha kugusana mahali patakapokuwa ubongo wa kati, na kazi ya kufunga huendelea kuelekea mkiani.

Maelezo haya yanasema kinachotokea. Yafuatayo yanaeleza jinsi kinavyotokea.

TOFALI LENYE UMBO LA KABARI

Mwashi anayejenga tao juu ya mlango hawezi kutumia matofali yenye pande sawa peke yake, kwa kuwa yatasimama mstari mnyofu. Huyachonga matofali yawe membamba upande mmoja na mapana upande wa pili, kisha akiyapanga sambamba ukuta hupinda wenyewe. Seli za bamba la neva hufanya vivyo hivyo, ila zenyewe ndizo tofali na zenyewe ndizo mwashi.

Karibu na uso wa juu wa kila seli kuna mshipi wa nyuzi nyembamba za protini iitwayo aktini. Kati ya nyuzi hizo imo protini ya pili, mayosini, ambayo huzivuta nyuzi ziteleze zikipishana. Aktini na mayosini ndizo pia hufanya misuli ya mkono ijikaze. Mshipi ukikazwa, uso wa juu wa seli husinyaa kama mdomo wa mfuko unaofungwa kwa kamba ya kuvuta, na sehemu ya chini hubaki pana. Seli imekuwa kabari. Na kwa kuwa seli zimeshikana ubavu kwa ubavu, kila moja ikisinyaa juu bamba zima hulazimika kupinda.

Seli hazisinyai popote ovyo. Katika kuku na panya, bamba hupinda kwenye mistari maalumu inayofanya kazi ya bawaba. Bawaba ya kwanza ipo katikati kabisa, juu ya notokodi, ambayo ni ufito laini ulio chini ya bamba na unaotangulia uti wa mgongo. Bawaba mbili nyingine huweza kutokea pembeni, nazo huzielekeza kingo zikutane. Notokodi si tegemeo tu. Hutoa protini zinazoziarifu seli zilizo juu yake mahali zilipo. Watafiti walipopandikiza notokodi ya ziada pembeni mwa bamba la kiinitete cha kuku, seli zilizo juu ya kipandikizi hicho nazo zilichukua umbo la kabari.

Thamani ya kusinyaa huku ilidhihirika waziwazi mwaka 1999, wakati watafiti wa Marekani walipoeleza jeni moja ya panya ambayo ikiharibika mrija wa neva kichwani haufungi. Mikunjo, badala ya kuelekeana, hulala nje kama kofia ya uyoga. Kwa sababu hiyo jeni ikaitwa Shroom, jina lililokatwa kutoka neno la Kiingereza lenye maana ya uyoga. Baadaye ilionekana kwamba protini ya jeni hiyo ndiyo huisaidia aktini na mayosini kukusanyika kwenye uso wa juu wa seli. Bila hiyo kamba ya mfuko haikazwi, na mfuko haufungi.

FOLENI INAYOREFUKA

Kupinda peke yake hakutoshi. Bamba la neva huanza likiwa fupi na pana. Kama lingebaki hivyo, kingo zake zingekuwa mbali mno, na hata zikiinuka hazingefikiana. Kwa hiyo bamba hulazimika kwanza kuwa jembamba na refu.

Njia inayotumika ni rahisi kuieleza. Watu waliotawanyika uwanjani wakitakiwa kupita katika mlango mwembamba, kila mmoja hujipenyeza katikati ya wawili wengine. Kundi lililokuwa pana huwa foleni ndefu, ingawa hapana mtu aliyeongezeka. Seli nazo hunyoosha vidole vya utando kuelekea kulia na kushoto, hushika majirani, na kujivuta katikati yao. Tishu hupungua upana na kuongezeka urefu kwa wakati mmoja.

Mengi yanayojulikana kuhusu mwendo huu yametokana na chura mwenye makucha, Xenopus laevis, mwenyeji wa Afrika Kusini. Chura huyu alienea katika maabara za dunia baada ya kugunduliwa, katika miaka ya 1930, kwamba akidungwa mkojo wa mwanamke mwenye mimba hutaga mayai. Alitumika kwa miaka mingi kama kipimo cha mimba. Wataalamu wa viinitete nao wakamthamini kwa mayai yake makubwa yanayokua nje ya mwili. Mmarekani Ray Keller na wenzake walikata vipande vya kiinitete cha chura huyo wakaviweka katika sahani ya maabara. Vipande hivyo, bila kuvutwa wala kusukumwa na kitu, vilirefuka vyenyewe. Hivyo nguvu ya kurefuka imo ndani ya tishu.

Ili mwendo huu ufanikiwe, kila seli lazima ijue upande upi ni wa kushoto na kulia, na upi ni wa kichwa na mkia. Ziko protini zinazozipa seli mwelekeo huo. Panya ambao jeni zao za mwelekeo zimeharibika hubaki na bamba pana, na kwao mrija hubaki wazi karibu mgongo mzima. Mikunjo yao huinuka, lakini umbali uliopo katikati ni mkubwa kupita kiasi.

KUSHIKAMANA NA KUTENGANA

Mikunjo ikikutana, linazuka tatizo jingine. Seli za neva lazima ziungane na seli za neva za upande wa pili, na za ngozi ziungane na za ngozi. Zikichanganyika, mrija hautajitenga na ngozi.

Mwaka 1955 Philip Townes na Johannes Holtfreter walichapisha majaribio ambayo hadi leo hufundishwa. Walichukua seli za viinitete vya amfibia, wakazitenganisha kwa maji yenye alkali, kisha wakazichanganya seli za bamba la neva na za ngozi katika donge moja. Waliporudisha maji katika hali ya kawaida, seli zilianza kujichagua. Baada ya muda zile za ngozi zilikuwa nje zikilifunika donge, na zile za neva zilikuwa ndani zimezunguka uwazi mfano wa mrija. Kila seli ilikuwa imepata jamaa zake bila ya kuelekezwa.

Malcolm Steinberg, katika miaka ya 1960, alieleza kwamba kujichagua huko kunafanana na mafuta na maji yanavyojitenga: seli zinazoshikana kwa nguvu zaidi hukusanyika ndani, na zinazoshikana kwa nguvu ndogo huzizunguka. Lakini gundi yenyewe ilikuwa nini? Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, Masatoshi Takeichi wa Japani alionyesha kwamba zipo protini za utando wa seli zinazoshikanisha seli ikiwa tu kuna kalsiamu. Protini hizo zikaitwa kadherini. Zipo za aina nyingi, na kwa kawaida kila aina hushikana na ile iliyo sawa nayo.

Tabaka la nje la kiinitete huanza likiwa na kadherini ya aina E. Bamba la neva linapoanza kujikunja, seli zake huacha kutengeneza aina E na kuanza kutengeneza aina N. Ngozi iliyo kando hubaki na aina E. Hivyo mikunjo inapokutana, kila upande una alama yake. Katika majaribio ya mwaka 1990 viinitete vya chura vilifanywa vitengeneze aina N hata katika ngozi. Matokeo yake mrija ulishindwa kujitenga vizuri na ngozi.

SELI ZINAZOSAFIRI NA SELI ZINAZOKUFA

Mahali mikunjo inapoungana hutoka kundi la seli ziitwazo seli za shungi la neva. Hizi hulegeza mshikamano wake na jirani zake, huuacha mrija, na kusafiri mwilini kote. Ili kuzifuata safari hizo, Nicole Le Douarin wa Ufaransa alibuni mbinu ya ajabu. Aligundua kwamba kiini cha seli ya tombo wa Kijapani, ndege mdogo wa jamii ya kware, kina alama inayoonekana kwa hadubini na ambayo seli ya kuku haina. Kuanzia mwaka 1969 alipandikiza vipande vya mrija wa tombo katika viinitete vya kuku, kisha akatafuta seli za tombo zilipokwenda. Alizikuta katika neva za utumbo, katika seli za rangi za ngozi na manyoya, katika tezi za juu ya figo, na hata katika mifupa ya taya. Uso wa mnyama mwenye uti wa mgongo kwa sehemu kubwa ni kazi ya wasafiri hao.

Kuhusu kufa kwa seli, mfano ulio karibu zaidi uko uani. Mguu wa kifaranga cha kuku na wa kifaranga cha bata huanza vikifanana, vyote vikiwa na utando katikati ya vidole. Katika kuku, seli za utando huo hufa kwa mpango na vidole huachana. Katika bata seli nyingi za hapo husalia, naye akapata kasia la kuogelea. Mikono ya binadamu huachana vidole kwa njia ileile ya kuku.

MRIJA USIPOFUNGA

Katika binadamu, kazi yote ya kuujenga mrija wa neva hufanyika katika wiki ya tatu na ya nne tangu yai kurutubishwa. Tundu la kichwani hufunga karibu na siku ya 25, na la chini karibu na siku ya 28. Wakati huo kiinitete hakijatimiza urefu wa sentimita moja.

Kila mojawapo ya hatua zilizoelezwa inaweza kukosea. Tundu la kichwani lisipofunga, ubongo na fuvu havikui, na mtoto hawezi kuishi. La chini lisipofunga, mtoto huzaliwa na mgongo wazi: uti wa mgongo haukufunikwa vema na mifupa na ngozi. Huenda miguu yake ikapooza, na mara nyingi maji hujaa kichwani. Mtoto huyo akipasuliwa mapema na kutunzwa vizuri anaweza kuishi, kusoma na kufanya kazi. Akicheleweshwa, maambukizo na shinikizo la maji hudhuru ubongo.

Kwa muda mrefu, na katika jamii nyingi, mama wa mtoto kama huyo alilaumiwa. Ilisemwa kuwa ni laana, au malipo ya kosa alilotenda. Elimu ya viinitete haikubali maneno hayo. Hitilafu hutokea katika siku chache ambazo seli zinasinyaa, zinajipenyeza na kushikana, na sababu zake huchanganya urithi na mazingira, ikiwamo lishe.

Kuhusu lishe, ushahidi mkubwa ulipatikana mwaka 1991. Utafiti ulioongozwa na Nicholas Wald wa Uingereza ulihusisha wanawake 1,817 katika vituo 33 vya nchi 7, ambao wote waliwahi kupata mimba yenye hitilafu ya mrija wa neva. Baadhi yao walipewa asidi ya foliki, ambayo ni vitamini ya kundi B, tangu kabla ya kushika mimba, wengine hawakupewa. Katika mimba zilizojulikana matokeo yake, hitilafu ilirudi kwa watoto 27: watoto 6 kwa waliopewa asidi ya foliki, na 21 kwa wasiopewa. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati wake, kwa kuwa isingekuwa haki kuendelea kuwanyima wengine.

Asidi ya foliki huhitajika katika kutengeneza DNA, na seli zinazogawanyika upesi huhitaji nyingi. Hata hivyo haizuii hitilafu zote, na mama aliyeitumia akapata mtoto mwenye mgongo wazi hana lawama.

Hapa hesabu ya siku ina maana kubwa. Mwanamke hukosa hedhi yake wiki mbili hivi baada ya yai kurutubishwa. Akingoja wiki mbili nyingine kabla ya kwenda kliniki, mrija wa neva umekwisha kufunga, au umekwisha kushindwa. Ndiyo maana hushauriwa kwamba mwanamke anayeweza kushika mimba apate mikrogramu 400 za asidi ya foliki kila siku tangu kabla ya mimba hadi wiki 12 za mwanzo. Aliyewahi kupata mtoto mwenye hitilafu hii huhitaji kiasi kikubwa zaidi kwa maelekezo ya daktari. Mboga za majani kama mchicha, pamoja na kunde na maharage, zina vitamini hii kwa asili yake, lakini kuchemsha mboga kwa muda mrefu na kumwaga maji huipoteza.

Kwa kuwa mimba nyingi hazipangwi, nchi kadhaa zimeamua kuitia vitamini hii katika unga. Marekani ilifanya hivyo kwa lazima mwaka 1998. Tanzania iliweka kanuni za kurutubisha unga wa ngano mwaka 2011, na Kenya ikaweka sharti hilo kwa unga wa ngano na wa mahindi uliofungashwa mwaka 2012. Lakini familia nyingi hula sembe au dona inayosagwa katika mashine ndogo za kijijini, ambako virutubishi haviongezwi kwa urahisi. Pengo hilo bado linahitaji juhudi.

MAZOEZI YA DARASANI

Zoezi la 1: Foleni. Wanafunzi 24 wasimame katika safu 4 zenye wanafunzi 6 kila moja, wakiwa wameachana hatua moja. Urefu na upana wa kundi upimwe. Kisha safu ya kwanza ijipenyeze katika ya pili, na ya nne katika ya tatu, kila mmoja akiingia kati ya wawili na kuacha nafasi ileile ya hatua moja. Patabaki safu 2 za wanafunzi 12. Vipimo vichukuliwe tena na kulinganishwa. Mwalimu awaulize wanafunzi nini kimebadilika na nini hakikubadilika.

Zoezi la 2: Kabari. Kila kikundi kifinyange vipande 15 vya udongo wa mfinyanzi vyenye ukubwa sawa na umbo la mche mraba, kisha kivipange sambamba vikigusana. Baadaye vipande vitano vya katikati vibanwe upande wa juu viwe kabari, na vyote vishikanishwe tena. Wanafunzi waangalie pembeni vipande vinakopinda, ingawa vipande 10 havikuguswa.

Zoezi la 3: Kiinitete cha kuku. Mayai matatu ya kuku aliyepandwa na jogoo yaandikwe tarehe kwa penseli na kuwekwa chini ya kuku anayeatamia. Yatolewe baada ya saa 48 hadi 72. Kila yai livunjwe taratibu katika bakuli lenye maji ya uvuguvugu, nyuzi 38 za Sentigredi, yaliyotiwa chumvi gramu 9 kwa kila lita. Kwa kioo cha kukuzia wanafunzi watafute moyo unaopiga, mishipa ya damu, kichwa kilichojikunja, na mstari wa mgongo. Kila mmoja achore anachokiona, si anachokikumbuka kitabuni. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kazi.

MASWALI

1. Taja kazi tano za seli katika kuujenga mwili, na utoe mfano mmoja wa kila kazi.

2. Panya mmoja ana mikunjo ya neva iliyolala nje, na mwingine ana bamba pana mno. Eleza ni hatua ipi iliyoharibika kwa kila mmoja.

3. Kwa nini seli za neva na za ngozi zilizochanganywa na Townes na Holtfreter hazikubaki zimechanganyika?

4. Mwanamke alipata mimba tarehe 1 Machi. Mrija wa neva wa kiinitete chake utakuwa umefunga kufikia karibu na tarehe gani? Atakuwa amegundua lini kwamba hakupata hedhi? Eleza jibu hilo linafundisha nini kuhusu wakati wa kutumia asidi ya foliki.

5. Jirani anasema kwamba mtoto mwenye mgongo wazi ni adhabu kwa mama yake. Andika aya moja ya kumjibu kwa kutumia ulichojifunza kuhusu kazi ya seli.